Muuguzi wa Shule Huanza na Daftari la Mahudhurio

Wenzangu wa wodini waliposikia kwamba nimeomba kwenda kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii ili nijikite katika afya ya wanafunzi, wengi waliniuliza swali moja: shuleni kuna mgonjwa gani wa kuuguzwa? Swali hilo halikuwa la dharau. Muuguzi aliyezoea wodi hukutana na mgonjwa aliyekwisha kuandikishwa, mwenye faili, mwenye kitanda, mwenye ndugu aliyesimama pembeni na chupa ya chai, na kazi yake hupimwa kwa hali ambayo mgonjwa huyo anaondoka nayo. Shuleni hakuna kitanda wala faili. Kuna mamia ya watoto ambao ukiwauliza, karibu wote watakuambia hawaumwi. Ninaandika haya kwa ajili ya wauguzi wenzangu wa Kanda ya Ziwa wanaoifikiria njia hii, ili waone ni kazi ya namna gani na mafunzo yake yanambadilishaje mtu.

Kilichonisukuma ni wodi yenyewe. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi Mwanza kwa muda amewahi kumpokea kijana anayetapika damu, tumbo limejaa maji, bandama imevimba hadi inashikika kwa mkono juu ya shuka. Ukimuuliza anatoka wapi, mara nyingi jibu ni kisiwani au kijiji cha kando ya Ziwa Victoria. Kinachomuua si jambo lililoanza mwezi uliopita. Ni kichocho cha tumbo alichokipata akiwa mtoto, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipeleka mayai kwenye ini. Ini linapata makovu, damu inakosa njia, mishipa ya umio inavimba, na siku moja inapasuka. Tunamwongezea damu, tunampa dawa, akipata nafuu tunamruhusu arudi kule kule. Nilichoka kukutana na ugonjwa huu katika ukurasa wake wa mwisho, nikijua kwamba ukurasa wa kwanza uliandikwa wakati kijana huyu yuko darasa la pili na tembe chache zingeweza kuubadilisha.

Kazi ya muuguzi wa shule si ngeni duniani. Mwaka 1902 jijini New York, wakaguzi wa afya walikuwa wakiwarudisha nyumbani watoto wenye macho mekundu, upele na chawa, bila mtu yeyote wa kuwafuata huko nyumbani ili watibiwe na kurudi darasani. Muuguzi Lillian Wald alilishawishi jiji lijaribu jambo tofauti, na mwenzake Lina Rogers akapewa shule 4. Yaliyowezekana aliyatibu pale pale shuleni, na yaliyobaki aliyafuata nyumba kwa nyumba, akizungumza na akina mama. Utoro wa ugonjwa ulishuka kiasi kwamba jiji likaajiri wauguzi wengine. Ninaipenda habari hii kwa sababu muuguzi yule alianza na wale ambao hawakuwapo darasani, na nitaeleza hapa chini kwa nini jambo hilo limekuwa kiini cha mafunzo yangu.

Uingereza wameifanya kazi hii kuwa ubingwa kamili. Tangu mwaka 2004 rejesta ya baraza lao la uuguzi na ukunga ina sehemu ya tatu, mahususi kwa wauguzi bingwa wa afya ya jamii, wakiwamo wanaozitembelea familia zenye watoto wadogo, wauguzi wa shule na wauguzi wa afya kazini. Anayeomba lazima awe tayari ni muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, kisha husoma kwa takribani mwaka mmoja akiwa masomoni muda wote, akigawanya muda wake kati ya darasa na kazi chini ya mtu mwenye ubingwa huo huo. Viwango vyao vilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Nimevisoma viwango hivyo kwa makini, na kilichonigusa ni kwamba mkazo wake hauko kwenye kufunga vidonda au kutoa panadoli. Uko kwenye kuijua jamii nzima ya watoto, kutambua mahitaji ambayo hakuna aliyeyasema, na kushawishi wanaopanga sera. Huko Uingereza watoto wa miaka 4 hadi 5 na wa miaka 10 hadi 11 hupimwa urefu na uzito shuleni katika mpango wa kitaifa, hasa kwa kufuatilia unene. Sisi pia tunawapima watoto wetu urefu, lakini kwa sababu nyingine kabisa, ambayo nitaifikia.

Hapa kwetu nimepita njia ndefu kidogo: stashahada ya uuguzi ya miaka mitatu, usajili katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kazi wodini, shahada ya kwanza, na sasa afya ya jamii. Shule zetu nyingi za msingi hazina muuguzi wake. Mzigo wa afya ya watoto uko mabegani mwa mwalimu wa afya, ambaye ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake, pamoja na zahanati iliyo karibu. Ninawaheshimu sana walimu hawa. Nimemwona mmoja akisahihisha madaftari ya hisabati huku mtoto mwenye homa amelala kwenye mkeka nyuma ya kiti chake, akisubiri mzazi aje.

Darasani tunasoma epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, takwimu, afya ya mazingira, uongozi wa huduma za afya na mbinu za utafiti. Somo lililonigeuza ni lile linaloonekana dogo kuliko yote, yaani swali la “wangapi kati ya wangapi”. Wodini nilizoea kuhesabu waliofika. Katika afya ya jamii hesabu hiyo haina maana mpaka ujue idadi ya waliopaswa kufika. Mwalimu wetu alikuwa mkali mno juu ya jambo hili; ukimletea asilimia bila kueleza umegawanya kwa idadi gani, alikurudishia karatasi bila kuisoma.

Somo jingine lilikuwa la maabara, la kutafuta mayai ya kichocho. Unachukua choo kidogo cha mtoto, unakipitisha kwenye wavu mwembamba, unajaza tundu la kipimo, unafunika kwa karatasi laini ya plastiki iliyolowekwa kwenye rangi ya kijani, kisha unasubiri kabla ya kuweka chini ya hadubini. Mayai ya kichocho cha tumbo hayahitaji kubahatishwa: ni makubwa, marefu, na kila moja lina mwiba uliochomoza ubavuni. Kichocho cha kibofu, kile kinachowafanya watoto wa maeneo ya ndani ya Usukuma, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, wakojoe damu, yai lake lina mwiba mwishoni. Huku ufukweni tatizo kubwa ni lile la mwiba wa ubavuni, na ubaya wake ni kwamba mtoto haoni damu kwenye mkojo, hivyo naye na mzazi wake hawana cha kuwashtua.

Mzunguko wenyewe kila mtoto wa ufukweni angeweza kuuelewa akielezwa vizuri. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wadogo waishio kwenye majani ya ukingoni, na baada ya wiki kadhaa konokono huachia viluwiluwi vya aina nyingine vinavyopenya ngozi ya mtu bila yeye kusikia chochote zaidi ya muwasho. Konokono hawa wa Ziwa huachia viluwiluwi hivyo kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto wametoka shule, wana joto, na Ziwa liko hatua chache kutoka njiani.

Mafunzo kwa vitendo nimeyafanya katika shule moja ya ufukweni, upande wa Ilemela. Huko ndiko nilikoshiriki kwa mara ya kwanza siku ya kumeza dawa za kichocho na minyoo nikiwa upande wa wapangaji. Watoto walikunywa uji kwanza, na hilo si jambo la hiari, kwa maana prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake, mstari mzima unatawanyika. Kisha kila mtoto alisimama kwenye fimbo ya kupimia. Fimbo hiyo hutumika badala ya mizani, kwa kuwa urefu wa mtoto hukadiria uzito wake vya kutosha kupanga dozi: kuanzia sentimita 94 tembe moja ya miligramu 600, kuanzia 110 moja na nusu, kuanzia 125 mbili, kuanzia 138 mbili na nusu, kuanzia 150 tatu. Watoto wengi, hasa wavulana, walinyanyua visigino ili waonekane warefu. Msimamizi wangu aliwashika mabega taratibu, akawashusha, akasoma namba kwa sauti, na mwalimu wa afya akaandika. Tembe ni kubwa na chungu. Tuliwatazama wakimeza, tukawaomba wafungue midomo, tukawaruhusu wakakae kivulini ili tuone kama kuna atakayejisikia vibaya.

Jioni tulijumlisha. Kati ya waliofika, karibu wote walikuwa wamemeza, na nilikuwa tayari kuandika taarifa nzuri. Mwalimu wa afya ndiye aliyenizuia. Alifungua daftari la mahudhurio la darasa la tano, akapitisha kidole kwenye safu za majina, na kuniambia, “Angalia hapa, dada. Hawa wakipotea hupotea pamoja, na wakirudi hurudi pamoja.” Nilihesabu nyuma wiki kwa wiki, na mpangilio ulikuwa wazi kama alivyosema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; alfajiri mitumbwi inapoingia mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kazi ya kubeba, kuanika na kugeuza dagaa inahitaji mikono mingi, na mikono ya watoto ni miongoni mwa hiyo. Mbalamwezi ikiwa imekomaa, dagaa hawazifuati taa, mitumbwi inapumzika, na viti vya darasa la tano vinajaa. Siku yetu ya dawa ilikuwa imeangukia kwenye giza.

Ninaomba msomaji alitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Watoto waliokosa dawa siku ile si watoto wowote tu. Ni wale wanaoingia majini kila siku kusukuma mitumbwi na kuosha ndoo, wenye uwezekano mkubwa kuliko wenzao wa kubeba kichocho, na ndio waliokuwa nje ya hesabu. Taarifa iliyogawanya idadi ya waliomeza kwa idadi ya waliofika ingeonyesha mafanikio pale ambapo ugonjwa ulikuwa umebaki palepale. Nilipendekeza tarehe ya kuwafuatilia waliokosa iwekwe kwenye mbalamwezi, na mwalimu wa afya pamoja na mtendaji wa mtaa wakakubali bila mjadala mrefu, kwa kuwa wao waliijua kalenda hiyo kuliko mimi. Hakuna kitabu changu cha epidemiolojia kilichoitaja. Ilikuwa ndani ya daftari la mahudhurio, na mtu aliyeweza kuisoma alikuwa mwalimu.

Bado wapo watoto ambao daftari lenyewe haliwajui. Familia za wavuvi huhama kufuata samaki, leo kambi iko kisiwani Ukerewe, baada ya miezi iko upande wa Sengerema, na mtoto aliyeandikishwa shule ya kwanza hafiki shule ya pili. Hao ndio ninaotaka niwafanyie utafiti wangu wa mwisho.

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo imekuwa kujifunza kusikiliza. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, zoezi la kugawa dawa za kichocho shuleni liliishia kwa vurugu, wazazi wakiwa na hofu kwamba watoto wao wanapewa sumu. Tunalisoma tukio hilo kama somo kamili, kwa sababu dawa ilikuwa sahihi na ugonjwa ulikuwapo, lakini wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha, na baadhi ya watoto waliopata madhara madogo ya dawa wakawa ushahidi wa ule uvumi. Muuguzi anayetaka kufanya kazi na shule lazima afike kwa wazazi kabla dawa haijafika.

Nilikwenda mwaloni na msimamizi wangu siku chache kabla ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa kwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tulimkuta mama mmoja wa makamo akigeuza dagaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye nesi wa shule?”

“Nipo mafunzoni, mama. Kwa sasa nafanya kazi na shule yenu.”

“Basi niambie ukweli. Hiyo sindano, mbona wavulana hawachomwi? Mnataka wajukuu zangu wasizae?”

Nilikuwa na majibu yote tayari. Msimamizi wangu aliwahi kabla yangu, akageuza ndoo tupu, akakaa, na kumuuliza yeye mwenyewe amesikia nini na kwa nani. Mama yule alizungumza kwa muda mrefu. Katikati ya mazungumzo alisema kwamba mdogo wake alifariki kwa kutokwa na damu iliyokuwa na harufu, na kwamba hospitali walisema ni saratani ya kizazi. Hapo ndipo tulipomweleza kwamba saratani hiyo husababishwa na virusi vinavyopatikana kwa kujamiiana, kwamba chanjo hufanya kazi vizuri zaidi binti akiipata kabla hajaanza kukutana navyo, kwamba wavulana hawana mlango wa kizazi na ndiyo maana wameanza na wasichana, na kwamba chanjo haigusi uwezo wa kuzaa. Hakukubali pale pale. Alisema angeongea na mwanawe, ambaye ndiye mama wa wasichana hao, na alituomba turudi kesho yake wote wakiwapo. Tulirudi.

Yapo mengine mengi ambayo muuguzi wa shule hukutana nayo, na siwezi kuyamaliza hapa: kupima macho kwa chati ya herufi E umbali wa mita 6, hedhi salama kwa wasichana ambao shule yao haina maji chooni, kofia na mafuta ya kujikinga na jua kwa watoto wenye ualbino, ambao wakiketi mbele karibu na ubao huona vizuri zaidi. Nitasimama kidogo kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Mtoto mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, na kwa hiyo anahitaji kwenda haja ndogo mara kwa mara. Hapaswi kukimbizwa mchakamchaka hadi achoke wala kukaa na nguo mbichi baada ya mvua. Mwalimu asiyejua humwona mvivu na mkorofi. Nimekaa na mzazi, mwalimu wa darasa na mtoto mwenyewe, tukakubaliana kwa maandishi nani ajue, mtoto aruhusiwe nini, na dalili zipi zikionekana apelekwe hospitali bila kusubiri. Kikao kile hakikuzidi saa moja, na hakikuhitaji dawa wala kifaa chochote.

Nasema wazi kwamba dawa peke yake haitaumaliza ugonjwa ufukweni. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho iliyokomaa tu, haiigusi sana ile michanga, wala haimkingi mtoto anayerudi majini siku hiyo hiyo. Shule inayomeza dawa kila mwaka bila kuwa na vyoo vinavyotumika na maji ya bomba itaendelea kumeza. Kwa hiyo muuguzi huyu lazima ajue kukaa kwenye kikao cha kamati ya shule, kuiona bajeti ya kata, na kudai choo kwa takwimu zenye mgawanyo sahihi. Maoni yangu ni kwamba kila kata ya ufukweni ingepaswa kuwa na muuguzi mmoja ambaye kituo chake cha kazi ni shule za kata hiyo, anayeripoti kwa mganga mkuu wa halmashauri lakini anayeijua kalenda ya mwalo kama anavyoijua ya chanjo. Walimu wa afya wangebaki kuwa washirika wake wakuu, wakiwa na mtu wa kumpigia simu.

Kwa wauguzi wanaofikiria kuomba: zungumzeni na mwajiri mapema, kwa sababu ruhusa ya masomo hupitia ngazi kadhaa na dirisha la udahili halisubiri barua. Hakikisheni leseni yenu iko hai kwa kipindi chote cha masomo. Mkiweza, kabla ya kuomba, nendeni zahanati iliyo karibu nanyi muulize ni lini wanakwenda shuleni kutoa chanjo au dawa, muombe kwenda nao, na mkifika huko mwombeni mwalimu wa afya awaonyeshe daftari.